Shampuu Isiyotaka Maji

Hongera, mrembo wa Likasi: umenunua shampuu kavu. Maelezo ya kopo yanasema upulize kwa umbali wa sentimita 20, usubiri dakika mbili, kisha uchane. Ndani mna wanga, mara nyingi wa mchele, na kazi yake ni kufyonza mafuta. Mafuta yapi? Kwenye nywele zilizonyooka mafuta ya ngozi huteleza hadi nchani. Kwenye kipilipili chetu hukwama kwenye mikunjo ya kwanza. Basi wewe unayesaka mafuta ya nywele sokoni kila wiki umelipia unga wa kuyaondoa. Busara kabisa.

Na lile vumbi jekundu la kiangazi? Unga hauling'oi, unalipatia mwenzi tu. Kwenye rasta ndiyo usiseme: weupe unaganda kwenye mistari, utadhani umesonga bukari kwa kichwa. Kama ni lazima, yaya, chukua wanga uliochanganywa na kakao, upake kwa brashi kwenye ngozi tu, usiku.

Anayefaidi kweli ni wigi la plastiki: linapong'aa kupita kiasi, unga kidogo hulipunguzia makelele.