Skrini Tatu, Picha Moja: Mwongozo wa Anayesubiriwa na Ukumbi Mzima

Kabla ya kugusa kebo yoyote, waketishe washauri. Projekta ikishatandaza rangi ya bluu ukutani na maandishi ya "No Signal", kila ukumbi huwa na watu watatu wanaosimama bila kuitwa. Mmoja anasema zima uwashe, wa pili anasema kebo imekufa, na wa tatu ameshachomoa kitu. Yeyote kati yao anaweza kuwa amepatia, lakini wakifanya kazi kwa pamoja hakuna atakayejua ni nani. Shida ya skrini inataka mkono mmoja, unaobadilisha kitu kimoja, kisha unatulia. Televisheni na projekta huchukua sekunde kadhaa kutambua kilichochomekwa, na mwenye haraka huchomoa pale pale picha ilipokuwa inakuja. Mwombe MC awaimbishe watu wimbo mmoja. Wimbo mmoja unatosha kwa nusu ya matatizo yaliyomo humu.

Ukumbi ukitulia, amua unataka nini. Wengi huliruka swali hili, nalo ndilo linalowaumbua. Kwenye Windows, shikilia kitufe chenye nembo ya Windows kisha bonyeza P. Orodha ya machaguo manne itajitokeza: picha ibaki kwenye kompyuta tu, picha ile ile ionekane kote (Duplicate), skrini ziungane kama meza mbili zilizosogezwa pamoja (Extend), au picha ihamie yote kwenye skrini ya pili. Mtu akiona Duplicate huichagua bila kufikiri, kwa kuwa ndiyo inayoonyesha haraka kwamba mambo yamefanya kazi.

Bila kumung'unya maneno: mtoa mada achague Extend. Hapo PowerPoint inaweza kumwekea Presenter View, yaani maelezo yake, saa na slaidi inayofuata viko mbele yake, huku ukutani ikionekana slaidi peke yake. Akichagua Duplicate, ukumbi unaona kila anachokiona: barua pepe zake, mafaili aliyoyatupa kwenye eneokazi, na ujumbe wa kutoka nyumbani kwamba gesi imeisha. Duplicate ina mahali pake, na pale inapofaa haina mpinzani. Mwalimu anayefundisha Excel anahitaji kuona mshale wake pale pale wanafunzi wanapouona. Harusi na ibada zinahitaji picha moja kwenye kila televisheni, hata kwa waliokaa nyuma ya nguzo. Basi tuseme umeamua kwa dhati kuwa unataka picha moja kila mahali, na haiji.

Chukua rimoti ya projekta ubonyeze Source au Input. Projekta yenye matundu mawili ya HDMI na moja la VGA haina wajibu wa kukisia umechomeka wapi. Ukiona HDMI 1 imeandikwa ukutani na kebo yako iko tundu la 2, kazi imekwisha na wimbo haujafika kiitikio.

Ikiwa bado, fuata kebo kwa mkono, kutoka mwanzo hadi mwisho, hata kama inapita chini ya zulia. Kumbi zetu nyingi bado zina VGA, ile plagi yenye skrubu mbili pembeni iliyokuja na kompyuta za IBM PS/2 mwaka 1987, na sina sababu ya kuidharau. Igeuze uitazame usoni kwenye mwanga. Kuna nafasi 15 za pini katika safu tatu. Ukikuta pini moja haipo katika safu ya kati, usishtuke: pini ya 9 mara nyingi huachwa makusudi. Cha kuogopa ni pini iliyolala. Pini tatu za kwanza hubeba nyekundu, kijani na bluu, kila moja rangi yake, kwa hiyo ugonjwa wa kebo unausoma kwenye sura za watu. Bibi harusi akiwa wa njano, bluu haifiki. Akiwa wa zambarau, kijani kimepotea. Nyekundu ikikatika, bwana harusi na wapambe wote wanakuwa na rangi ya maji ya bahari. Kaza skrubu zile mbili, kwa sababu ndiyo kazi iliyozileta, na kama pini imepinda inyooshe taratibu kwa ncha ya kalamu iliyoisha wino.

Pini mbili nyingine, ya 12 na ya 15, hazibebi picha kabisa, na ndizo ninazotaka uzijue kuliko zote. Kupitia hizo skrini hujitambulisha kwa kompyuta. Kila monita ya kisasa ina kitambulisho chake kinachoitwa EDID, chenye baiti 128 za msingi, kinachoeleza jina lake na resolusheni inazozimudu. Kompyuta hukisoma kabla ya kutuma chochote. Kebo duni isiyounganisha pini hizo humfanya mgeni aingie bila jina: Windows inamwandika "Generic Non-PnP Monitor" na kumpa resolusheni ya chini, mara nyingi 1024 kwa 768. Picha inakuja lakini ina ukungu, na fundi asiye na subira anailaumu lenzi. Badilisha kebo. HDMI na DisplayPort nazo zina mazungumzo haya haya ndani ya nyaya zake, ndiyo maana kuchomoa na kuchomeka upya husaidia mara nyingi: vifaa vinasalimiana tena kuanzia mwanzo.

Sasa picha ipo kote, ila ni mbaya. Hapa uwe mpole na mashine, maana umeitwika kazi ngumu. Laptopi inaweza kuwa na pikseli 1366 kwa 768, televisheni 1920 kwa 1080, na projekta ya zamani 1024 kwa 768, ambayo hata umbo lake linakaribia mraba. Ukizitaka zote zionyeshe picha moja, kompyuta inatafuta kipimo ambacho wote wanakiweza, na kwa kawaida anayeamua ni yule dhaifu. Ndipo laptopi inapata mikanda myeusi pembeni, au mwenyekiti wa kamati ananenepa ghafla. Ingia kwenye mipangilio ya skrini uchague kipimo mwenyewe, ukianza na kile halisi cha projekta, kwa kuwa ndiyo inayotazamwa na watu wengi. Ukibadilisha na giza likatanda, ondoa mikono. Windows inasubiri sekunde 15 uthibitishe, na usipothibitisha inarudisha mambo yalivyokuwa. Nimeona laptopi nzima zikizimwa katika sekunde ya kumi na nne.

Televisheni ikikata kingo, hata saa ya chini kulia haionekani, acha kompyuta na uende kwenye menyu ya picha ya televisheni yenyewe. Tafuta Just Scan, Screen Fit au jina linalofanana na hayo.

Tufike kwenye skrini tatu, maana ukumbi wa leo una projekta katikati na televisheni mbili kwenye mabawa. Laptopi ina tundu moja la HDMI, na fundi analeta splita. Kwa kuakisi, yaani Duplicate, ni kifaa kizuri sana, ila fahamu kinachofanya: kinachukua picha moja na kuigawa, na kompyuta inahesabu skrini moja tu hata ukiweka kumi. Usikiombe Extend, hakitaweza. Ugomvi wake uko kwenye vile vitambulisho. Baadhi ya splita husoma EDID ya tundu la kwanza peke yake. Ukiweka hapo televisheni ya 4K, kompyuta itatuma 4K, na projekta iliyo tundu la tatu itabaki gizani ikionekana mbovu. Anza na yule dhaifu kwenye tundu la kwanza, au shusha resolusheni hadi 1920 kwa 1080 kwenye hertzi 60. Kisha hakikisha splita imechomekwa kwenye umeme.

Kuhusu adapta, nina ombi kwa kila anayekwenda kununua vifaa Kariakoo au Luthuli Avenue. Usimwambie muuzaji "nataka adapta ya HDMI na VGA." Mwambie safari ya picha: "inatoka kwenye laptopi ya HDMI, inaingia kwenye projekta ya VGA." Adapta nyingi hupitisha upande mmoja tu, kwa kuwa ndani yake kuna chipu inayogeuza ishara za kidijitali kuwa za analogi, na ile ya kinyume chake ni kifaa kingine kinachofanana nayo kama pacha. DisplayPort kwenda HDMI ni hivyo hivyo. Vijana wa duka wanajua tofauti hii vizuri kabisa, wakiulizwa sawasawa. Na tundu la USB-C kwenye laptopi yako si lazima litoe picha. Mengine ni ya chaji na data tu, kwa hiyo tafuta alama ya DisplayPort au ya radi karibu nalo kabla hujanunua chochote.

Wenye MacBook wabonyeze Command na F1 kuwasha na kuzima uakisi. MacBook Air ya chipu ya M1 inaendesha skrini moja ya nje, basi, na mfumo wa macOS hauwezi kutenganisha picha za skrini zilizounganishwa kwa habu ya DisplayPort ya aina ya MST. Zitaonyesha kitu kimoja zote. Kwa harusi hiyo ni baraka, kwa mhasibu aliyenunua monita mbili ni majonzi.

Filamu ya kulipia ikitoa sauti na maandishi huku picha ni nyeusi, huo ni ulinzi wa HDCP, na njia ya VGA haina uwezo wa kuukubali. Usipoteze muda kwenye mipangilio. Sauti ikihama kutoka kwenye spika za ukumbi na kuanza kulia kwa unyonge ndani ya projekta, ni kwa sababu HDMI hubeba sauti pia. Bonyeza alama ya spika chini kulia, urudishe kwenye spika zako.

Na picha ikigoma kabisa ingawa kila kitu kiko sawa, kwenye Windows 10 na 11 bonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B. Skrini itapepesa, huenda ukasikia mlio mfupi, na programu inayoendesha picha itaanza upya bila kufunga kazi yako.

Shughuli ikiisha, rudisha Windows na P kwenye chaguo la kwanza kabla ya kukunja kebo. Usipofanya hivyo, kesho ofisini unaweza kufungua programu na isionekane, ingawa iko wazi, kwa sababu imefunguka kwenye projekta iliyobaki ukumbini. Ikikutokea, bofya jina la programu hiyo kwenye upau wa chini, shikilia Windows na Shift, ubonyeze mshale wa kushoto au wa kulia hadi dirisha lirudi.