Wadudu wa Rufiji Hawatulii

Mgeni akija Rufiji huulizia makubwa tu. Atataka viboko, atataka mamba, na akishashiba hao ataulizia meli ya Kijerumani, Königsberg, iliyojificha kwenye mikoko hii mpaka Waingereza wakaimaliza Julai 1915. Mikoko yenyewe husifiwa kwa ukubwa: hekta zipatazo 53,000. Hata anayepita na basi kwenda Lindi, simu yake itatoka dirishani palepale Daraja la Mkapa. Sijamwona bado mgeni anayeulizia kaa wa saizi ya kucha.

Mimi ndiye ninayemwulizia, kamera mkononi, na taabu ninayoipata naijua mwenyewe.

Tuanze na upepo. Ukimpiga kiboko picha, kusi ivume itakavyo, kiboko yuko palepale. Mdudu wa milimita 5 juu ya jani la mkorosho ni habari nyingine. Ukimsogelea kiasi cha kumkuza kama inavyotakiwa, sehemu ya picha inayotoka safi inabaki na unene wa milimita 1 hivi. Jicho likitoka safi, mguu ni ukungu. Mguu ukitoka safi, jicho limepotea. Jani likitikisika, umepata picha safi kabisa ya jani la nyuma. Wenye uwezo hupiga picha nyingi mfululizo, kila moja fokasi imesogezwa kidogo, halafu kompyuta inaziunganisha kuwa moja. Hilo linataka mdudu mwenye subira. Labda wako Ujerumani.

Vifaa navyo vina kununa kwake. Lenzi ya kazi hii inauzwa bei ya pikipiki, kwa hiyo mimi nimeichukua lenzi ya kizamani, nikaigeuza nyuma mbele na kuifunga kwa ringi. Inakuza vizuri tu, ila fokasi ni ya kujisogeza mwenyewe huku umebana pumzi, na unyevu wa delta unaotesha kuvu ndani ya kioo. Dawa yangu ni kuilaza kamera kwenye ndoo ya mchele mkavu. Mama watoto haitaki dawa hiyo. Mchele wa Rufiji, anasema, haukulimwa ili uwe godoro, na kuna siku narudi nakuta kamera iko juu ya kabati na pilau iko mezani.

Maji yakipwa Nyamisati, hasa siku za bamvua, tope hufunguka pana na vikaa hutoka mashimoni kwa mamia. Dume ana gando moja kubwa mno na jingine dogo. Lile kubwa halimsaidii kula. Ni la kutishia madume wenzake na kupungia majike. Chakula anakichota kwa lile dogo: anachota tope, anatia mdomoni, anachuja, anatema kidonge, anachota tena. Jike ana magando mawili madogo na anakula kwa mikono yote. Nimemtazama dume mmoja akipunga, akipunga, jike hakupata na kushiba hakushiba. Wanaume wa namna hiyo nawafahamu, wengine wako stendi ya Kibiti.

Sasa, kumpata usawa wa macho lazima ulale kifudifudi topeni. Na gatini wapo abiria wa boti ya Mafia wanaosubiri maji yajae, na mtu anayesubiri maji hana kazi nyingine.

"Shikamoo mzee. Umedondosha nini?"

"Marahaba. Sijadondosha kitu."

"Pesa?"

"Napiga picha kaa."

Wakatazamana. Mama mmoja akasema, "Jamani, mzee wa watu kadondosha pesa anaona haya kusema. Shukeni mkamsaidie."

Wakashuka, vijana kwa wazee, wakavua viatu, wakapekua tope kwa moyo mmoja. Nilipowageukia kaa, hapakuwa na hata mmoja aliyebaki nje. Kijana mmoja alipata ndala ya mguu wa kushoto, akaja kunikabidhi kwa mikono miwili.

Nyumbani afadhali, wanyama wanakuja wenyewe. Mbu wa malaria unamjua kwa mkao: kichwa chini, mkia juu. Usiku mmoja alinitua mkononi kamera ikiwa tayari, nikamwacha anywe. Kwa karibu hivyo unaliona tumbo likijaa wekundu, na unaona jambo ambalo bora usingeliona. Anakojoa palepale huku anakunywa, tone baada ya tone, na matone mengine yana rangi ya damu yako. Anapunguza maji ili damu zaidi ipate nafasi. Ulafi wa kitaalamu kabisa. Nikamwita mama watoto aje aone.

"Baba Rehema," akasema, "chandarua kile pale, na wewe umekaa hapa unalisha mbu." Kofi lilimpata mbu, likanipata mimi, likaipata na kamera.

Lakini mateso yenyewe hasa yako kwenye mikorosho, kwa majimoto. Wale sisimizi wekundu hujenga kwa kushona majani mabichi. Wanajipanga safu, wanavuta kingo mbili za majani mpaka zikutane, halafu wengine wanaleta mabuu, yaani watoto wao, na kuwatumia kama tyubu za gundi. Buu anashikwa mdomoni, anagusishwa jani hili, anagusishwa lile, na kila akigusishwa anaacha uzi wa hariri. Picha ninayoililia ni hiyo. Wao wanaililia shingo yangu. Wanang'ata, kisha wanamwagia asidi palepale walipong'ata. Kuwapulizia dawa sithubutu, maana mwenye shamba anawapenda kuliko anavyonipenda mimi: ndio wanaomwinda mbu wa mikorosho, mdudu anayemharibia zao.

Nikamsimulia mzee huyo mwenye shamba habari za Mwingereza Robert Hooke, aliyechora wadudu kwa hadubini akatoa kitabu, Micrographia, mwaka 1665. Naye alisumbuliwa na sisimizi. Akimuua, ananyauka, akimgandisha miguu kwa nta, anajinyonganyonga. Mwisho akampa brandi. Sisimizi akalewa chakari, akachorwa mguu kwa mguu, baadaye akazinduka akatimka zake.

Mzee alinisikiliza kwa makini ambayo picha zangu hazijapata kuyaona. Brandi hatuna, akasema, ila msimu wa mabibo haupo mbali, na mabibo yakichacha sawasawa hakuna kiumbe kitakachosimama, sembuse sisimizi. Tangu hapo kila nikipita ananikumbusha. Ndoo ameshaitenga. Sharti lake ni moja tu: kwa usalama wa sisimizi, lazima yeye aonje kwanza.