Jinsi ya Kuitwa Mjuzi wa Bia

Kunywa bia hakuna anayefundishwa. Kazi iko kwenye kuijua, au tuseme kuonekana unaijua. Siku hizi Nairobi na Dar es Salaam kuna baa ambazo orodha ya bia ni ndefu kuliko ya vyakula. Hizo ni bia za krafti, zinazopikwa kidogo kidogo na viwanda vidogo, na kila moja ina jina la ajabu kuliko mwenzake. Ukiulizwa unataka ipi ukajibu "lete yoyote," utatazamwa kama mtu aliyekuja harusini bila kuchanga. Mwongozo huu ni wa kukuepusha na aibu hiyo.

Anza na koo zake. Bia zina koo mbili kubwa, eli na laga. Eli huchachushwa kwenye joto la wastani. Hamira yake hupanda juu, hufanya kazi haraka na huacha harufu ya matunda. Laga huchachushwa kwenye ubaridi, hamira yake hutulia chini, nayo hutaka kulazwa majuma kadhaa kabla ya kunywewa. Karibu kila chupa iliyomo kwenye kreti za baa ya mtaani kwenu ni laga. Kwa hiyo kuanzia leo, laga huinywi. Ukikutwa nayo mkononi, sema unakata kiu tu. Wala usimruhusu mtu akukumbushe kwamba laga ile ya rangi ya dhahabu iliyopikwa Plzeň mwaka 1842 ilihitaji ufundi kuliko nusu ya hizo unazozisifia. Dharau haitaki historia nyingi.

Ukishaletewa, bia isiingie kinywani kabla haijapita puani. Imimine kwenye glasi yenye tumbo, izungushe taratibu, ingiza pua, funga macho. Hapa ndipo wengi huharibu, wanasema "inanukia bia." Wewe sema balungi. Kwa eli ya Kimarekani ni nadra kukosea, kwa sababu hopsi (maua yanayotiwa kwenye bia) aina ya Cascade, iliyotolewa huko mwaka 1972, ndiyo yenye harufu hiyo, na kiwanda cha Sierra Nevada cha California kiliizoesha dunia nzima. Bia ikiwa nyeusi, sema kahawa, ngoja kidogo, ongeza chokoleti. Ikikushinda kabisa, iinue kwenye mwanga, tikisa kichwa na useme, "Hii ina mambo mengi." Hakuna atakayekubishia.

Uchungu nao una kipimo chake, IBU. Laga za kawaida huwa chini ya 20. IPA (India Pale Ale) nyingi huanzia 40 na kupanda. Mjuzi mpya huagiza yenye namba kubwa kuliko zote, anainywa bila kukunja uso, huku akisimulia jinsi Waingereza walivyozidisha hopsi ili bia isiharibike melini kwenye safari ya miezi kwenda India. Hadithi hii ina ukweli wa kutosha kwa mazungumzo ya mezani. Hopsi kweli huzuia bakteria, na bia kweli ilipelekwa India. Kwamba kuna mtu mmoja aliyekaa chini akaibuni kwa ajili ya safari hiyo, wanahistoria wa bia wanatilia shaka, ila wao hutawakuta pale baa.

Katikati ya maongezi mtaje Michael Jackson, na usifafanue. Yupo Mwingereza wa jina hilo aliyeandika The World Guide to Beer mwaka 1977, akawafundisha wengi kuzipanga bia kwa mitindo yake. Wenzako watadhani unamsema yule wa jukwaani, nawe utapata nafasi ya kuwasikitikia.

Suala la joto lina taabu yake. Mjuzi hanywi bia iliyoganda, kwa sababu ubaridi mkali huficha harufu. Uingereza kuna chama, CAMRA, kilichoanzishwa mwaka 1971 kutetea eli ambayo bado inachacha ndani ya pipa lake na kutolewa kwa pampu ya mkono, nayo hunywewa kwenye nyuzi kama 12 hivi. Lieleze hili kwa sauti. Tatizo ni kwamba meza ya pili yuko mzee mwenye kofia ya pama, na mhudumu amemuuliza, "Baba, ya moto au ya baridi?" naye amejibu, "Ya moto, binti," kama alivyojibu tangu ujana wake. Habari za CAMRA hajazisikia. Kwa Dar, ya moto inakaribia nyuzi 30, kwa hiyo hapo mzee amepitiliza. Lakini Njombe mwezi wa Juni, chupa iliyokaa juu ya kaunta inatosha kumfurahisha Mwingereza yeyote. Usimtazame yule mzee. Endelea kuongea.

Ukishaiva, hamia Ubelgiji, angalau kwa mdomo. Cantillon, kiwanda cha Brussels kilichopo tangu mwaka 1900, hupika miezi ya baridi tu. Maji ya kimea yaliyochemka humwagwa kwenye beseni pana chini ya paa, yakaachwa wazi usiku kucha ili hamira za porini ziingie na hewa. Buibui hawafagiliwi, kwa kuwa wanakula wadudu. Kisha bia hulala kwenye mapipa ya mbao mwaka mmoja, miwili, mitatu, na za umri tofauti huchanganywa kupata gueuze. Ni chachu, na ina harufu ya zizi la farasi. Zizi hilo ni sifa, ukilisikia, tabasamu. Kuna na watawa wa Westvleteren, ambao kwa miaka mingi waliuza bia yao kwenye chupa zisizo na lebo, na mnunuzi alitakiwa apige simu kwanza na kutaja namba ya gari lake. Bia hunoga kadiri inavyosumbua kupatikana.

Sasa onyo. Ufanye yote, lakini usipande Marangu wala Machame, hasa Desemba. Huko kuna mbege. Ndizi mbivu huchemshwa saa nyingi, zikaachwa siku kadhaa zichache zenyewe, bila mtu kuzitia hamira ya dukani. Zikishachujwa, maji yake huchanganywa na uji wa kimea cha ulezi uliotiwa gome la msesewa, mti unaoifanya kazi ya hopsi: kutia uchungu. Hulala tena, na kesho yake hunywewa. Haina lebo. Haifiki mbali. Nzuri zaidi huipati bila kumjua mtu. Kwa maneno mengine, kila kitu ulicholipia nauli ya mawazo hadi Brussels kiko kwenye kilabu cha bati, karibu na kwa shangazi yako, na kwa bei isiyoleta heshima yoyote mjini.

Hatari ni kwamba utasahau na kuanza somo. Utakaa kwenye benchi, kata mkononi, maganda ya ulezi yanaelea juu, nawe unaeleza uchachu wa porini na uchungu wa gome unaobaki kooni. Mama mwenye kilabu atakusikiliza kidogo, kisha atauliza, "Mwanangu, unakunywa au unahubiri? Wenzako wanasubiri kata."

Ukipuuza onyo ukaenda, fika mchana wa siku ile ile mbege inapoiva, maana ikilala tena huzidi kuwa kali na chachu. Puliza maganda yasogee pembeni, kunywa, mpe wa pili yako. Na kabla ya kushuka Moshi, funguo za gari mpe asiyekunywa.