Toba ya Tuba

Kipande chenyewe cha bomba kilikuwa na urefu wa sentimita nane tu, lakini Alhamisi asubuhi kiliviringika kwenye sakafu ya ukumbi wa mtihani kana kwamba kimelipiwa nauli. Kilipita chini ya piano, kikauzunguka mguu wa kiti cha mtahini wa pili, kikaenda kutulia kwenye ncha ya kiatu cha mtahini mkuu. Akakitazama. Akanitazama. Mimi bado napuliza, na tuba langu, lililokuwa limedondosha nusu ya utumbo wake, likatoa mlio wa mbuzi aliyeona kisu. Dada aliyekuwa akinipigia piano akainua mikono na kutamka neno ambalo watu wa Kampala humpa mfiwa, mtoto aliyejikwaa na mtu aliyenyeshewa: "Bambi."

Wangecheka, ningewashukuru.

Tulikuwa katikati ya Romanza, sehemu ya pili ya konsato ya tuba ambayo Ralph Vaughan Williams aliiandika mwaka 1954, akiwa mzee wa miaka 81, alipoona kwamba hata hamali huyu wa bendi ana haki ya kuimba mapenzi. Ni muziki mtamu sana. Kwa dakika nzima na mimi nilikuwa mtamu.

Fundi wa Katwe aliyekiunga kile kipande simlaumu. Naye aliniambia, "Ssebo, hii ni ya kusukuma siku mbili tatu." Siku ya mtihani ilikuwa ya tisa.

Yote haya yalianza Februari, niliposhika pesa ya hosteli mkononi nikajiona tajiri. Mwanafunzi wa mwaka wa pili lazima awe na chombo chake. Kwa mwenye filimbi, hiyo ni safari ya kwenda dukani. Kwa mtu wa tuba ni kama kuambiwa aje na trekta lake. Tuba jipya la kampuni yenye jina linanunuliwa kwa maelfu ya dola. La Kichina ni rahisi zaidi, ila nalo linataka kuuza ng'ombe, nami sina hata mbuzi, ukiacha yule wa mtihani. Kuna sosafoni ya plastiki ngumu, ile ya kujizungushia mwilini kama chatu, iliyobeba jina la John Philip Sousa. Nzuri kwa maandamano ya harusi, lakini ukiingia nayo kwenye chumba cha mtihani unaonekana umekuja kuokolewa baharini. Nikabaki na njia ya maskini wote wa mjini: mtumba.

Muuzaji alikuwa na stoo ya vyuma na majenereta, na katikati ya majenereta alikaa yeye, tuba, mdomo juu, amejaa vumbi na heshima. Nikafanya kosa la kumsalimu mwenye mali kwa Kiswahili. Kampala bado wapo watu ambao Kiswahili waliwahi kukisikia kutoka kwa mwanajeshi tu, au kutoka kwa mwizi wa usiku, na hakuna kati ya hao aliyekuja kununua. Jamaa akasimama wima. "Afande, hii si ya wizi. Niko na risiti." Nikamwambia mimi ni mwanafunzi. Hapo hapo uso ukamrudia, na bei ikapanda naye: shilingi 1,900,000. Tukavutana hadi 1,350,000. Akanionyesha maandishi yaliyochorwa kwenye shaba, jina la kiwanda na neno London. "London," akasema, akaligonga kwa kucha. Likalia kama kengele ya misa. Nikalipa.

Vali zilikuwa tatu, na hapa lazima nisimame kidogo, maana tangu niujue mwili wa tuba sipati usingizi mzuri. Wilhelm Wieprecht na Johann Gottfried Moritz walipolisajili tuba lao mjini Berlin mwaka 1835, waliliwekea vali tano. Tano! Miaka mia moja na tisini baadaye mimi nauziwa tatu. Na vali si mapambo. Tuba la si-bemoli, kama langu, ukilinyoosha ni bomba la mita tano na nusu. Midomo inatetemeka, hewa iliyomo ndani inatetemeka nayo, na urefu wa bomba ndio unaoamua sauti. Ukibonyeza vali unafungua kichochoro cha pembeni, hewa inazunguka huko kwanza, bomba linakuwa refu, sauti inashuka. Vali ya pili inashusha nusu toni, ya kwanza toni nzima, ya tatu toni moja na nusu.

Sasa sikiliza utapeli. Kushusha toni nzima kunahitaji nyongeza ya sentimita 67 hivi. Toni moja na nusu, sentimita 104. Bonyeza zote mbili pamoja unapata 171, na unatarajia ushuke toni mbili na nusu. Lakini toni mbili na nusu zinataka 184! Pamekosekana sentimita 13, kwa sababu kila kichochoro kilipimwa kwa bomba fupi, na bomba sasa si fupi tena. Ni sawa na kumpima mtoto kanzu halafu ukamvisha baba yake: mabega yanaingia, magoti yanabaki nje. Sauti inatoka juu kuliko inavyotakiwa, na kila mwenye masikio anajua kuna mtu kavaa kanzu ya mwanawe. Dawa ni vali ya nne, inayoshusha toni mbili na nusu peke yake. Mwaka 1874 David Blaikley, wa kampuni ya Boosey ya London, alibuni hata mfumo unaoirudisha hewa kwenye vijibomba vya ziada ili deni lijilipe lenyewe. Siku hizi nikikosa usingizi namfikiria Blaikley.

Hata hivyo hilo ningelivumilia. Midomo ikijitahidi inaweza kuivuta noti chini kidogo. Lililoniua ni lingine, na sikulijua hadi nilipolibeba tuba kwenda kwa mzee mmoja mstaafu wa bendi ya polisi, anayekaa chini ya mwembe na redio. Kwake Kiswahili hakipandishi bei. Ndiyo lugha aliyofundishiwa muziki, kwa amri.

"Shikamoo, Afande."

"Marahaba, mtoto. Leta."

Hakuuliza bei. Alitoa pistoni moja moja, akazinusa, akasikitika. Nilikuwa nazipaka mafuta ya cherehani. Akazirudisha kwa kufuata namba zilizochongwa, akanieleza kwamba ukizibadilisha nafasi hewa haipiti kabisa, unapuliza mpaka macho yatoke. Kisha akapiga wimbo wa taifa wa Uganda, ule alioutunga George Kakoma mwaka 1962, ambao ni miongoni mwa mifupi kabisa duniani, kwa hiyo mtu wa tuba akianza vibaya hapati nafasi ya kujirekebisha. Akaumaliza. Akaanza kuuimba kwa mdomo, kutoka pale ulipozoea kukaa kichwani mwake kwa miaka yote ya paredi. Akapiga tena. Akaliweka tuba chini taratibu, kama mtu aliyeletewa maiti isiyo yake.

"Wimbo uko hapa," akasema, mkono usawa wa kifua. "Hii tuba iko hapa." Mkono usawa wa koo. "Na hii, wageni watakaa chini."

Basi nikajifunza habari ya sauti ya juu. Zamani kila nchi, karibu kila mji wa Ulaya, ulikuwa na noti yake ya A. Mwaka 1939 mkutano wa kimataifa uliofanyika London ulikubaliana kwenye hezi 440. Lakini bendi za shaba za Uingereza, pamoja na zile za Jeshi la Wokovu, zilikuwa zimeshanunua vyombo vya hezi 452 na ushee, na nani alikuwa na pesa ya kununua vingine? Wakaendelea na yao hadi miaka ya 1960. Bendi nzima ikiwa juu pamoja, hakuna anayejua. Balaa huanza chombo kimoja kinapouzwa, kikavuka bahari, kikatua kwenye stoo ya majenereta kikimsubiri mtu anayekwenda kupiga na piano. Robo toni. Nusu ya hatua iliyo ndogo kuliko zote kwenye piano. Si kosa la kuanguka, ni la kuchechemea, na msikilizaji anachechemea nawe.

Nilitaka kulia, lakini nilikuwa nimeshanogewa. Nikachukua karatasi. Ukigawanya 452.5 kwa 440 unapata nyongeza ya karibu asilimia tatu. Asilimia tatu ya mita tano na nusu ni sentimita 16 na kidogo. Tuba lina kiwiko cha kuvuta, bomba lililopinda kama kiatu cha farasi, na lina miguu miwili. Kila mguu ukiongezwa sentimita nane, tumerudi duniani! Nikaenda Katwe nikijiona Blaikley. Fundi akatafuta bomba linaloingia, akakata vipande viwili, akavichomea kwa risasi juu ya shaba ambayo, sasa naelewa, alipaswa kuisugua kwanza. Nikapiga nikifuata programu ya simu. 440. Nikamwongezea elfu kumi kwa furaha.

Mengine ni madogo. Kondakta wa teksi alinitoza viti viwili. Kwenye bodaboda mvua iliingia kwa juu, nikafika na lita kadhaa za maji. Askari wa barabarani aliyaona mabomba akaniuliza nachemshia wapi waragi. Mende: wawili.

Lakini kuna jambo halinichekeshi. Chuoni petu kuna matuba mawili ya vali nne, yenye sauti ya 440, ndani ya makasha yao. Najua kwa sababu nimeyabeba mimi. Hutolewa mgeni mkubwa akija. Tunayafuta, tunampigia, tunayarudisha stoo, na ufunguo unaondoka na ofisa ambaye hajawahi kupuliza hata puto. Yanatunzwa yasiharibike, nimeambiwa. Halafu kwenye fomu ya mtihani kuna kisanduku cha usahihi wa sauti, alama ishirini, na hakuna anayeandika pembeni kwamba sauti hiyo ilikuwa imefungiwa hatua thelathini kutoka mlangoni. Ukienda kupiga harusini upate ya kununua jingine, unalipwa sawa na mtu wa pembetatu, ambaye chombo chake kinaingia mfukoni. Kakoma mwenyewe, ambaye wimbo wake taifa zima linausimamia, alifika uzeeni akaenda mahakamani kuidai serikali haki yake. Mimi wa mstari wa chini nitamdai nani?

Ijumaa nilikwenda kwa Afande na kasha, na kile kipande nikiwa nimekifunga kwenye leso. Nikamsimulia yote: kiatu, mbuzi, bambi. Hakutabasamu. Alikishika kipande kwenye mwanga, akachungulia ndani kama anayekagua bunduki.

"Kilianguka wakati gani?"

"Katikati, Afande."

"Baada ya hapo, piano iko na zamu yake peke yake?"

"Ipo. Mistari kadhaa."

"Mistari kadhaa." Akanirudishia kipande, akaongeza sauti ya redio. "Sasa mbona hukuokota?"