Kwa Heshima ya LUKU ya Pamoja

Washairi wa pwani wameshausifu mnazi, jahazi na macho ya wanawake wasiowajali. Lucian, mwandishi wa Kiyunani wa karne ya 2, alifika mahali akamsifu nzi kwa insha nzima, na nzi hakurudi kushukuru. Mita ya LUKU, ile ya umeme wa kulipia kabla, haijapata mtu. Nazungumzia ile mita moja inayotumiwa na wapangaji wa nyumba nzima, ambayo kila jioni, kuanzia Tandika hadi Mwananyamala, inasemwa kama mkwe asiyependwa. Nimeishi chini ya utawala wake upande wa Temeke na upande wa Kinondoni, na naona si haki izeeke ukutani bila mtu hata mmoja wa kuisemea.

Anayesoma haya akiwa kwenye nyumba yenye uzio na mita yake getini aelezwe kwanza mambo yalivyo. Nyumba ya Kiswahili ina korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, na uani kuna choo, bafu na vile vyumba viwili ambavyo mwenye nyumba aliviongeza alipoona kodi imenoga. Kila chumba ni kaya. Mita imefungwa koridoni, juu, mahali ambapo ofisini wangetundika picha ya Rais. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoa mzima wa Dar es Salaam, Temeke wakiwa 1,346,674 na Kinondoni 982,328. Ondoa wenye nyumba, ondoa wenye mita zao. Waliobaki ndio raia wa jamhuri ninayoisifu.

Nianze na hadhi. Kwa bei zilizopangwa, mteja wa nyumbani asiyevuka uniti 75 kwa mwezi huuziwa uniti moja kwa shilingi 100 kabla ya kodi na tozo. Akivuka, huhamia kundi la juu, ambako uniti ni shilingi 292. Jirani yangu anayeuza vitumbua ana balbu mbili, redio na chaja ya simu. Peke yake asingemaliza uniti 75 hata kwa miezi mitatu. Lakini mita haimjui. Inamjua mteja mmoja tu, mwenye balbu kumi na sita, friji mbili, feni kila chumba, sabufa na pasi isiyopoa, na mtu wa namna hiyo bila shaka ni tajiri. Basi mama wa vitumbua, anayelala chumba kimoja na wanawe watatu, ananunua umeme kwa bei ile ile ya mwenye kiyoyozi Masaki. Wahamasishaji wanaotuambia tujione matajiri kabla hatujatajirika waje waone. Kwetu jambo hilo lilishakamilika, na risiti zipo. (Sitaki utani unifunge mdomo: bei hiyo ni dhuluma kwa yule mama, na nikikutana na mpanga bei nitamwambia. Tuendelee na sifa.)

Pale Kariakoo na kwenye vituo vya daladala vijana hutandaza chini vitabu vya kukufundisha maisha: amka alfajiri, shukuru kwa kidogo ulichonacho, dhibiti hasira, jifunze kuzungumza na watu. Ni vitabu vizuri, sina ugomvi navyo. Nasema tu kwamba mpangaji wa LUKU ya pamoja hana haja ya kuvinunua, na hela hiyo aiweke kwenye zamu yake ya kununua umeme. Kuamka alfajiri? Mama wa vitumbua huamka saa kumi kukoroga unga wake, na umeme una tabia ya kuisha saa kumi na robo. Akishagonga milango saba akiuliza zamu ni ya nani, hakuna aliyebaki usingizini. Kudhibiti hasira hufuata hapo hapo.

Vitabu hivyo pia hupenda kuuliza: wewe ni nani wakati hakuna anayekuona? Kwetu swali hilo lina jibu. Mita ina taa ndogo nyekundu inayokonyeza kadiri umeme unavyotumika. Zikiwaka balbu tupu hukonyeza kivivu. Unaweza kufunga kamba za viatu vyote viwili kabla haijarudia. Mtu akichomeka pasi, inakonyeza kila baada ya sekunde tatu nne. Anaweza kufunga mlango, kushusha pazia na kuongeza sauti ya redio, lakini koridoni taa inamtaja. Bibi wa chumba cha mbele, ambaye siku hizi haoni tundu la sindano, huiona taa hiyo akiwa amekaa kwenye mkeka wake karibu na mlango.

"Jamani, nani anapiga pasi saa hizi?"

Kimya. Baada ya muda taa inatulia. Asubuhi mnapishana na kijana wa chumba cha tano, shati limenyooka, mkunjo wa suruali unaweza kukata mkate, na anasalimia watu wote kwa adabu isiyo ya kawaida: shikamoo bibi, shikamoo mama, kaka habari za toka jana. Kikulacho ki nguoni mwako, na kwetu nguo hiyo imepigwa pasi vizuri.

Lakini chuo kikuu chenyewe ni tarehe mosi. Tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa humo humo kwenye ununuzi wa umeme. Nyumba ya kawaida ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi, na mwaka 2023 ikapanda hadi 1,500. Elfu kumi ya siku nyingine hutoa uniti 28 na ushee. Elfu kumi ya kwanza ya mwezi haifikishi 24. Kwa hiyo hakuna anayetaka kuwa wa kwanza. Mwezi unapokaribia kuisha na mita inaonyesha uniti tatu, watu huanza kulala mapema. Feni zinazimwa kwa hiari, tena mwezi wa pili, wakati godoro lenyewe linatoka jasho. Mwenye friji anauza barafu zake za ukwaju kwa bei ya kutupa kabla hazijayeyuka. Mwalimu wa chumba cha uani anasahihishia madaftari nje, mwanga wa jua ukiwa bado upo. Watu wanahubiriwa matumizi bora ya umeme mwaka hadi mwaka na hawasikii. Shilingi 1,500 inawafundisha usiku mmoja.

Kisheria mambo yako wazi: kodi ya jengo ni ya mwenye jengo, na serikali ilishasema mpangaji aliyekatwa amalizane na mwenye nyumba wake. Mwenye nyumba wetu anakubaliana na serikali kwa moyo wote. Ila yeye anaishi ng'ambo, Kigamboni, na simu yake tarehe mosi huwa haina chaji.

Siku ambayo mita ilijipatia heshima zaidi ni ile ya Novemba 2024. Mita za mfumo huu, si za Tanzania peke yake bali za dunia nzima, zilitakiwa kuboreshwa kabla ya tarehe 24 mwezi huo, kwa sababu hesabu ya muda iliyomo ndani yake, inayoanzia 1993, ilikuwa inafika ukomo. Ukinunua umeme uliletewa makundi matatu ya tarakimu ishirini ishirini: mawili ya kuiboresha mita, la tatu ndilo umeme wenyewe. Tarakimu sitini. Mnunuzi wa siku hiyo alikuwa fundi cherehani, mtu wa maneno machache, ambaye hakuwa akisemeshana na mama wa vitumbua tangu mfungo kwa sababu ya ndoo.

Ilikuwa jioni na nyumba iko gizani. Kijana wa bodaboda akapanda juu ya stuli kwa kuwa ndiye mrefu. Binti wa kidato cha pili akashika simu, akawa anasoma nne nne kama zilivyoandikwa. Tatizo ni vitufe. Vya katikati vimefutika kwa kubonyezwa, na anayebonyeza inabidi awe anakumbuka. Fundi akashika tochi upande mmoja, mama wa vitumbua akaishika ya kwake upande mwingine, kwa sababu tochi moja ilikuwa inatupa kivuli cha kichwa cha kijana juu ya namba.

"Sita tisa nne nne..."

"Nne ngapi?"

"Mbili, anko! Nne nne!"

Kundi la kwanza likakataliwa. Wakaanza upya. La pili likakubali kwa taabu. Bibi alikuwa anavuta uradi kimyakimya, watoto wamekatazwa kucheka. Kwenye tarakimu ya mwisho ya kundi la tatu kijana alisita, kidole hewani, akamwangalia binti, binti akaitikia kwa kichwa. Korido ikawaka. Nimehudhuria harusi zenye vigelegele pungufu. Mama wa vitumbua akamwambia fundi, "Haya baba, nawe tochi yako ina mwanga," na ile habari ya ndoo ikaishia hapo. Ningeelezwa kwamba mzee wa mtaa au shekhe angewapatanisha, ningekubali, sikutegemea mashine.

Tunalo pia swali letu la falsafa, linaloulizwa kila taa zinapozimika: umekatika au umeisha? Hakuna anayejibu kwa kukisia. Mtu anatoka hadi barazani, anaangalia nyumba ya pili, halafu duka la ng'ambo ya barabara. Kukiwa giza kote, nyumba nzima inapumua. Umekatika, ni wa mtaa mzima, hakuna wa kulaumiwa humu ndani. Watu wanatoa mikeka nje na mazungumzo yanaanza. Lakini taa za jirani zikiwa zinawaka, kila mtu anajifanya amelala. Enzi za mgawo wa 2023 tulistarehe sana kwa upande huu, maana lawama ilikuwa na pa kwenda, mbali na sisi. Kisha Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere ukaanza kuzalisha, na baadaye yote tisa ikakamilika, megawati 2,115. Taifa lilipongezana, na sisi tulipongezana pia. Ila tangu hapo taa zikizimika, uwezekano mkubwa ni kwamba umeisha, na lawama imerudi koridoni.

Umeme ukirejea, watoto wa mtaa mzima hupiga kelele moja: "Umeruuudi!" Kelele hiyo haifundishwi shuleni na hakuna mtoto wa uswahilini asiyeijua. Watu wazima tunajifanya tunawakanya, lakini nimemwona mwalimu wa chumba cha uani, mtu wa miaka hamsini na kitu, akiipiga chini chini akidhani yuko peke yake. Wenye jenereta zinazowaka zenyewe, taa kabla haijazimika imeshawaka, sijui wao hufurahia nini saa hizo.

Kuna mwenzetu aliyehama, akajenga Chanika, akavuta umeme wake. Tulimchangia sahani na vikombe, tukamsindikiza. Alipokuja kututembelea alikuwa na maneno ya mtu aliyefika: "Kaka, unanunua umeme mpaka unasahau kama ulinunua." Nikampongeza, kwa dhati kabisa. Akakaa. Akauliza bibi bado anachungulia taa? Kijana wa pasi ameoa? Ile tarehe mosi mnafanyaje siku hizi? Akauliza habari za watu mpaka chai ikapoa. Nilipomuuliza naye habari za majirani zake, alisema ni watu wazuri, wana mbwa. Kwake umeme ukiisha ananunua kwa simu, anaingiza namba, anarudi kukaa. Dakika mbili, na hajasema na mtu.

Sikumwambia arudi, mtu hahami Chanika kwenye nyumba yake ili aje kugombania pasi Tandika. Wala siombi mita hii iongezewe miaka. Wenye nyumba kadhaa mtaani kwetu wameanza kufunga mita ndogo kila chumba, kila mtu na matumizi yake, na wapangaji wanashangilia. Mama wa vitumbua amepiga hesabu ya kile atakachookoa kwa mwezi na kukuta ni unga wa siku kadhaa. Hesabu yake naikubali. Nimeomba tu kwamba fundi akija kufunga hizo ndogo, ile kubwa asiihamishe pale juu, bibi asije akakosa cha kutazama.

Hadi siku hiyo ifike, utaratibu uko pale pale. Kwa wasomaji wenye mita zao, hongereni sana. Kwa wenzangu wa koridoni: leo ni tarehe 2, uniti zimebaki mbili, kodi ya jengo haijakatwa, na mwezi uliopita nilianza mimi.