Njia za Mkato za Kuwa Mzee wa Majarida ya Upelelezi

Sogea karibu, mambo haya hayasemwi kwa sauti. Unatamani kuzungumza juu ya majarida ya zamani ya upelelezi kama mtu aliyekua nayo, na wewe umeyakuta yamekwisha kuwa manjano. Usione haya. Wengi tunaoyapenda tuliyakuta hivyo hivyo. Njia ndefu ipo: Ellery Queen's Mystery Magazine peke yake lilianza 1941 na bado linatoka. Ukitaka kulisoma lote, utazeeka kweli. Fuata njia yangu.

1. Nunua nakala moja, na iwe mbovu.

Anayeanza hutaka seti nzima, safi, iliyofungwa kwenye nailoni. Muachie. Nakala iliyochakaa ni rahisi kuipata, na watu wameshaishi ndani yake: kuna jina la mwenyewe wa kwanza kwenye jalada, alama ya kikombe, hesabu ya deni pembeni. Inuse. Majarida haya yalichapwa kwenye karatasi ya bei ya chini yenye asidi, ndiyo maana hugeuka rangi ya chai na kumeguka kingo. Ifungue kwa viganja viwili, wala usiikunje kinyumenyume.

Ukikosa ya kushika, matoleo ya zamani ya The Strand Magazine la London yamepigwa picha na yanasomeka bure mtandaoni. Anza na ya 1891, mwaka ambao hadithi fupi za Sherlock Holmes ziliingia humo. Tena tazama michoro kabla ya maneno. Ile kofia ya mwindaji anayovishwa Holmes kila mahali ilitoka kwenye kalamu ya mchoraji Sidney Paget. Mtunzi wa Holmes, Conan Doyle, mwenyewe hakuitaja kwa jina. Hilo moja tu linakupa kiti barazani.

2. Soma dibaji, hadithi zitangoja.

Mkusanyiko mzuri huweka utamu wake mwingi mlangoni. Mwaka 1928 Dorothy L. Sayers alitoa mkusanyiko mnene wa hadithi za upelelezi, mafumbo na vitisho, akautangulizia historia ya fani nzima. Soma dibaji hiyo kwa jioni moja na utakuwa umewapita watu waliosoma miaka kumi bila ramani. Mwaka uliofuata padri Ronald Knox akaandika, katika dibaji ya mkusanyiko mwingine, amri kumi za hadithi ya upelelezi. Njia ya siri chini ya nyumba isizidi moja. Pacha asizuke bila msomaji kuandaliwa. Na amri ninayoipenda kuliko zote: rafiki wa mpelelezi awe na akili pungufu kidogo, kidogo sana, kuliko ya msomaji wa kawaida. Padri alitujua. Sote tunataka kuwa na mtu wa kumzidi tukiwa tumekaa kitini, na fani nzima imejengwa juu ya hamu hiyo. Itumie bila kuona aibu.

Katika jarida la Ellery Queen mambo ni rahisi zaidi. Ellery Queen hakuwa mtu mmoja, walikuwa binamu wawili wa Brooklyn, Frederic Dannay na Manfred B. Lee. Dannay ndiye aliyekaa kwenye kiti cha mhariri mpaka alipofariki 1982, na alipenda kutanguliza hadithi kwa maelezo yake: mwandishi ni nani, wazo limetoka wapi, kwa nini lisipotee. Soma maelezo hayo tu, nakala nzima, kisha funga. Utasikia mtu anayependa kitu akikushika mkono kukuonyesha. Mimi nilianza kuzipenda hadithi zenyewe kwa sababu yake.

3. Soma mwisho kwanza.

Watakukemea. Wajibu kwa jina moja: R. Austin Freeman. Mwaka 1912, katika kitabu chake The Singing Bone, alitoa hadithi zinazomwonyesha muuaji akiua mwanzoni kabisa, ndipo mpelelezi anapoanza kazi. Utamu ukahama kutoka "nani" kwenda "atanaswaje". Wewe ukianzia ukurasa wa mwisho unafanya kazi ya Freeman kwa mkono wako. Utaiona kila dalili ilipofichwa, na utamheshimu fundi zaidi ya yule aliyeshangazwa mara moja akasahau.

4. Tembea na visa viwili mfukoni.

Viwili vinatosha, cha tatu huonekana majivuno. Cha kwanza: katikati ya miaka ya 1940 William Faulkner aliingia katika shindano la jarida la Ellery Queen akapata zawadi ya pili, dola 250. Baada ya miaka michache akapewa Nobeli. Cha pili: Jorge Luis Borges wa Argentina alifika kwa mara ya kwanza kwa wasomaji wa Kiingereza kupitia jarida hilo hilo, Agosti 1948, kwa tafsiri ya Anthony Boucher. Vitoe pale mtu anaposema hadithi za upelelezi ni za kupotezea muda safarini. Sema polepole, halafu nyamaza unywe chai.

5. Rudi nyumbani kabla hujaulizwa.

Mazungumzo ya London na New York yakikolea, mtaje mpelelezi wetu, Bwana Msa. Mtunzi wake, Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, alimpa kiko mdomoni, kama Holmes, na rafiki wa kumsindikiza, Najum, kama Watson. Kisa chake, Mzimu wa Watu wa Kale, kilishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la 1957 na 1958, kikatoka kitabu 1960. Hapa sikupi njia ya mkato. Kisome chote.

6. Ukurasa wa mwisho ukikosekana, umalizie mwenyewe.

Hili litakupata, kwa sababu jarida la kuazimana hupoteza jani la mwisho kabla ya jalada. Mimi lilinipata kwenye nakala yangu ya kwanza: maiti ndani ya chumba kilichofungwa, washukiwa wanne, na mpelelezi anafungua kinywa aseme. Baada ya hapo ni uzi wa kushonea tu. Nilimchagua mtunza bustani, nikapanga ushahidi, nikaanza kuisimulia kana kwamba ndivyo ilivyochapwa. Fanya hivyo nawe. Simulia kwa uhakika, taja saa, taja funguo.

Miaka ikapita, nikaipata nakala nzima. Muuaji alikuwa daktari. Nikamsomea mpwa wangu mwisho halisi, naye akaukataa. Alisema wa kwangu ni bora, ila una tundu: mtunza bustani aliwezaje kurudi nje na mbwa asibweke?

Juzi nimempigia simu nikamwambia mbwa alikuwa wa mtunza bustani. Amesema nimsomee tena ukurasa wa tatu.