Mjomba, Mnyang'anye Fundi Hiyo Brasso

Mississauga, Ontario, Kanada



Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilifurahi kusikia mguu wa Bibi umepungua uvimbe. Mara ya pili nilicheka habari za jogoo wa jirani anayewika saa nne usiku. Mara ya tatu ndipo nikasikia ulichokisema mwishoni, kwa sauti ya mtu anayeaga: kwamba cherehani ya Bibi iko kwa fundi, na kale kachupa ka mafuta umempa pia akasugue kwa Brasso kwa sababu kamechakaa. Mjomba, kijiko kilinidondoka. Acha unachofanya, panda bodaboda, nenda kamnyang'anye fundi hiyo Brasso. Ukirudi, kaa chini usome yaliyobaki, maana maelezo yenyewe ni marefu.

Unajua kwamba huku nimepanga chini ya nyumba ya mtu. Wenyeji wana desturi ya kuchimba shimo chini ya nyumba, wakalipiga rangi, wakalitia choo, kisha wakalipangisha kwa wageni. Tunahifadhiwa kama viazi vikuu. Mwenye nyumba wangu ni mzee mjane wa miaka sabini na ushee, nami nimempa jina la Mzee Lenzi, kwa sababu haachani na kioo cha kukuzia alichokifunga kwa kamba ya kiatu na kukitundika shingoni. Hata kwenye chai anacho. Nilipomwambia kwamba nyumbani niliuza spea za magari mtaani Gerezani kwa miaka sita, hakuuliza Gerezani iko wapi. Aliuliza, "Kwa hiyo namba unazijua?" Nikamjibu namba nazijua. Kuanzia siku hiyo nina ajira isiyo na mshahara.

Mzee Lenzi anakusanya bunduki za Vita Kuu ya Pili. Usimwambie Mama. Hazifyatuliwi, zina makufuli, zimefungiwa kabatini, na mwenyewe ana leseni ya serikali ambayo huku huipati bila kufanya mtihani. Mimi sizigusi asipokuwepo, na akiwepo nazigusa kwa ruhusa, kama mtoto wa mwenzio. Kazi yangu ni kushika tochi na kusoma namba, kwa sababu macho yake yanakaribia kustaafu.

Bunduki anazozipenda ni zile za Kiingereza za risasi ya 303, Lee-Enfield Namba 4. Na hapa kuna ajabu. Umbali wa basi moja kutoka kwangu, kandokando ya Ziwa Ontario, palikuwa na kiwanda kilichoitwa Long Branch. Wakati wa vita kiliunda mamia ya maelfu ya bunduki hizo, na wafanyakazi wake wengi walikuwa wanawake. Jengo lao la ukaguzi bado limesimama, ila siku hizi ni kituo cha sanaa. Nilikwenda Jumamosi moja nikakuta watu wazima wanafinyanga vyungu. Nikamwambia Mzee Lenzi kwamba bibi zangu wa Usambaa wangewafundisha bure, naye akanijibu kwa uchungu kwamba mahali pale palipaswa kunuka mafuta ya mashine, si udongo.

Sasa nikueleze anachokitafuta. Mtu yeyote mwenye akili, mimi nikiwemo, angedhani bunduki nzuri ni ile safi, iliyonyooka, inayopiga shabaha. Hapana, bwana. Wao wanatafuta ile ambayo hakuna aliyeigusa tangu ilipotoka vitani. Wanaiita "orijino" kwa sauti ileile ya wateja wa Gerezani, na ndiyo maana nilijihisi nyumbani.

Mambo yenyewe ni haya. Namba ya bunduki imegongwa ubavuni, pale nyuma ya chemba, na inatakiwa namba hiyohiyo iwe kwenye mkono wa komeo, kile chuma unachokivuta ili ganda la risasi litoke. Zikilingana, mnunuzi anatabasamu. Zisipolingana, bei inashuka ngazi mbili mbili. Mti wa bunduki nao unaulizwa maswali. Ukiwa umepigwa msasa, utaona mihuri ya jeshi imefifia, na mbao zimelala sawa na chuma au chini yake; mti ambao haujaguswa hukaa juu ya chuma kidogo, unausikia kwa kidole gumba. Mti unaong'aa kwa vanishi, Mzee Lenzi huukunjia uso kama mtu aliyepewa chai ya chumvi, maana jeshi lilipaka mafuta ya kitani tu, basi. Vichwa vya skrubu navyo vinaangaliwa. Kichwa kilicholiwa na bisibisi kinasema, "Nimefunguliwa na asiyejua." Hili la skrubu silo la Wazungu, Mjomba. Hata injini ya Corolla tuliisoma hivyohivyo.

Halafu kuna herufi za kukupoteza. Kwenye ubavu wa Long Branch utaona nyota baada ya jina la toleo, Mark I. Ukidhani ni sifa umeumia: nyota ile ina maana walirahisisha kazi ili bunduki zitoke haraka. Badala ya kitufe cha kuachilia komeo, walikata pengo dogo kwenye reli yake, na pengo lile humeguka pembe. Ukiona herufi C yenye mshale ndani yake, hiyo ni mali ya serikali ya Kanada. Kitako nacho kina saizi, kama suruali: L kwa mrefu, S kwa mfupi, na B kwa yule mfupi zaidi. Nilipoambiwa hivyo nilimkumbuka Babu, maana yeye angepewa B bila kupimwa.

Bunduki zinazomtoa Mzee Lenzi machozi ni zile zilizokatwa. Baada ya vita ziliuzwa rahisi sana, na wawindaji wa huku wakazinunua, wakakata mti wa mbele kwa msumeno ili ziwe nyepesi, wakaenda nazo kuwinda kulungu. Kwangu mimi huyo ni mtu aliyenunua kifaa akakifaidi. Kwa Mzee Lenzi huyo ni muuaji, na hamzungumzii kulungu. Nilipojaribu kumtetea mwindaji, nilinyimwa biskuti.

Lakini jeshi lenyewe halikuwa na mambo hayo ya unyago. Canadian Rangers, askari wanaolinda kaskazini kwenye barafu, walianza kuzibeba bunduki hizi mwaka 1947, wakaendelea nazo zaidi ya miaka 65, wakijikinga na dubu weupe. Dubu hajawahi kuuliza kama namba zinalingana.

Na zipo Namba 4 zilizotengenezwa Marekani na kampuni ya Savage, kule Massachusetts. Machi 1941, Marekani yenyewe ikiwa bado haijaingia vitani, ilipitisha sheria ya kuwaazima rafiki zake silaha. Basi bunduki ya mtindo wa Kiingereza ikagongwa maneno kwamba ni mali ya Marekani, ikaenda kutumiwa vitani na mwingine. Ni bodaboda ya mkataba kabisa. Jina la tajiri liko kwenye tangi, jua liko kichwani kwa dereva.

Mwezi uliopita Mzee Lenzi alinichukua kwenye gari lake tukaenda mji wa jirani, kwenye ukumbi ambapo watu hupanga mezani vitu vya vita: kofia, vifungo, ramani, singe za Namba 4 ambazo ni kama msumari mrefu usio na aibu. Nje baridi ilikuwa inakata masikio. Ndani, wazee mia na mashati yao ya drafti. Mwafrika ni mimi peke yangu, na kila meza waliniuliza kama nimepotea.

Kwenye meza moja palikuwa na Long Branch ya 1943. Muuzaji, ambaye jina lake sitalitaja na wala sikuliuliza, alisema namba zote zinalingana, na bei aliyoitaja ilikuwa karibu mara mbili ya meza za jirani. Mzee Lenzi mikono ilikuwa imeshaanza kutafuta pochi. Mimi nikawasha tochi. Namba ya ubavuni ilikuwa imelala ndani ya chuma kama kovu la chanjo, nyeusi hadi chini ya tarakimu. Namba ya kwenye komeo ilikuwa inacheka. Kingo zake zilikuwa zimeinuka, ndani chuma kinang'aa, na pale ilipogongwa palikuwa bapa, palipopigwa tupa kwanza. Juu ya yote, tarakimu ya 4 ya ubavuni ilikuwa imefungwa kichwani, na ya kwenye komeo ilikuwa wazi kama kiti kilichopinduliwa.

Mjomba, wewe unanijua. Chesisi ngapi zimepita mbele yangu zikiwa zimegongwa namba upya usiku wa kuamkia kuuzwa! Nilimvuta Mzee Lenzi pembeni nikamwambia kwa lugha yao iliyovunjika, "Hii 4 na ile 4 hawakuzaliwa na mama mmoja." Akainua kioo chake. Akakaa kimya muda mrefu. Kisha akairudisha bunduki mezani polepole, kama mtu anayerudisha mtoto wa watu.

Njiani nilitamba sana, nikatangaza kwamba kuanzia sasa komeo lolote lenye namba ya pili ni wizi. Mzee Lenzi akanipunguza kasi. Akasema mafundi wa jeshi wenyewe walibadilisha makomeo kila siku. Kichwa cha komeo la Namba 4 kina saizi zake, kuanzia 0 hadi 3, ili fundi akaze nafasi iliyolegea, na komeo likihamia bunduki nyingine, namba ya zamani ilipigwa mstari, mpya ikagongwa kando yake mchana kweupe. Bunduki iliyorudi kiwandani kufanyiwa ukarabati mkubwa iligongwa herufi FTR pamoja na mwaka. Hiyo si feki, hiyo ni cheti cha hospitali. "Uongo na ukweli vyote vimetumia nyundo," alisema. "Uliza aliyeishika ni nani, na alikuwa analipwa kwa nini." Nilitaka kubisha lakini alikuwa anaendesha kwenye barafu.

Sasa tunafika kwenye kachupa.

Usiku ule, kwa furaha ya kuokoa pesa yake, alinitolea bunduki yake mwenyewe, Long Branch aliyoinunua akiwa kijana. Akaigeuza kitako juu. Kwenye bamba la kitako kuna mlango mdogo. Ukiusukuma kwa kidole unafunguka. Ndani akavuta kamba yenye kipande cha shaba mwishoni, ya kupitisha kitambaa kwenye mtutu. Kisha akainamisha kitako, akakigonga mara mbili, na kikadondoka kiganjani mwake kichupa cha shaba, chembamba, chenye kifuniko cha kuzungusha, na kwenye kifuniko kijiko kidogo kinachoingia ndani.

Nilipiga kelele, "Hiki ni cha Bibi!"

Akauliza kwa heshima kubwa kama Bibi alikuwa mwanajeshi.

Maisha yangu yote nilidhani kachupa kale kalikuja na cherehani. Sote tumejifunza kutia mafuta kwa kale kajiko, tone moja kwenye kila tundu, na Bibi akikuona unatia mawili unakula kofi. Kumbe ni ka Babu! Babu aliyekuwa Keya, askari wa Kiafrika wa jeshi la Mwingereza, akaenda Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, akateremka bonde la Kabaw mwaka 1944 kwenye mvua isiyojua kupumzika. Unakumbuka habari za vita alizotusimulia? Moja tu: kwamba kila asubuhi sajenti alitia jicho mtutuni, na akiona kutu umekwisha. Bunduki aliirudisha. Kachupa, inaonekana, walisahauliana. Nilipomweleza Mzee Lenzi, alifikiri, akasema kwamba kisheria pengine bado ni mali ya Mfalme. Usimwambie Bibi hilo, atataka kulipwa gharama za kukatunza.

Basi tangu siku hiyo Mzee Lenzi halali. Anataka picha. Anataka kujua kama kuna mshale mpana uliogongwa, kama kuna herufi za kiwanda, kama shaba imekuwa ya kahawia au ya kijani. Ule uchafu unaotaka kuusugua, Mjomba, kwa watu hawa ndio pasipoti yenyewe. Babu alipewa adhabu kwa sababu ya uchafu, na sisi leo tunaambiwa tusiuondoe. Sikulaumu, hata mimi miezi sita iliyopita ningekununulia Brasso kopo kubwa.

Kwa hiyo, kakarudishe kachupa nyumbani, ukafunge kwenye kitambaa, mafuta ya cherehani Bibi ayatie kwa unyoya wa kuku hadi nitakapokuja Desemba. Kama fundi ameshaanza, piga picha ya chini kwenye kitako cha kachupa, mkono wake mvivu huenda haujafika huko.

Na jambo moja la mwisho, unijibu kwa sauti ya chini Bibi asisikie. Nakumbuka ule mwaka ulipokwenda nako mtoni kuvua, ukarudi bila kifuniko, na siku ya tatu ukasema kifuniko kimepatikana. Kilirudi kinang'aa kuliko kilivyoondoka. Mjomba, kile kifuniko ulikipata, au ulikichongesha?

Mpwa wako wa shimoni.